Jumlisha ampia kwanza, wati baadaye

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini betri ya volti 12 na ya volti 6, zilizofuatana kwenye mzunguko mmoja zikisukuma upande uleule kupitia rezista ya omu 6, zinakupa wati 30 kwa supaposisheni (kukokotoa kila chanzo peke yake kisha kujumlisha), ilhali jibu la kitabuni ni 54. Kitabu kiko sahihi. Hesabu yako ya mkondo nayo iko sahihi!

Betri ya volti 12 peke yake inatoa ampia 2, ile ya volti 6 ampia 1. Jumla ampia 3. Hapo ndipo ungekokotoa wati: 3 × 3 × 6 = 54. Wewe ulitafuta wati za kila betri, 24 na 6, ukazijumlisha. Wati hufuata mraba wa mkondo, na mraba wa 3 ni 9, si 4 na 1.

Mawimbi ni hivyohivyo. Spika mbili zikitoa toni moja, mahali kilele kinapokutana na kilele mtikisiko wa hewa huwa maradufu, lakini nishati inayopita hapo huwa mara nne ya spika moja. Ukisogea pembeni, kilele kinakutana na bonde na sauti inafifia. Nishati imehamia tu.

Halafu, unapokokotoa betri moja peke yake, "kuzima" ile nyingine ni kuweka waya mahali pake, si kuacha pengo. Hapo wengi huteleza. Chanzo cha mkondo, kile kinachotoa ampia zilezile daima, ndicho huachwa wazi. Ukikuta dayodi, kijenzi ambacho mkondo wake hauendi kwa uwiano na volti, achana na njia hii kabisa.