Orodha ya Proksi Isiposasishwa: Maelekezo kwa Wanaoanza Kazi Kwenye Timu

Ukijiunga na timu ambayo watu wake wote hutumia usajili mmoja wa proksi (seva za kati zinazopitisha mawasiliano yao ya intaneti), malalamiko ya kwanza utakayoletewa yatakuwa mafupi: "Proksi haifanyi kazi." Kauli hiyo hubeba hitilafu tatu zisizofanana. Huenda programu imeshindwa kuipata orodha mpya ya seva. Huenda imeipata lakini imeshindwa kuisoma. Au imeipata na kuisoma vizuri, ila seva zilizomo hazipitiki. Kabla ya kugusa chochote, waulize wenzake huyo aliyelalamika wana hali gani. Kwa kuwa kiungo cha usajili, yaani anwani ambayo programu za wote huchukulia orodha ya seva, ni kimoja, majibu yao ndiyo kipimo bora ulicho nacho: wakikwama wote kwa wakati mmoja, chunguza akaunti au mtoa huduma, akikwama mmoja, chunguza kompyuta yake, mtandao anaoutumia, au nakala ya kiungo aliyo nayo.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba sana usikimbilie kitufe cha kubadilisha kiungo kilichopo kwenye ukurasa wa akaunti. Kitufe hicho hubatilisha tokeni ya zamani, yaani msimbo wa siri ulio ndani ya kiungo, na kila mwenzako ambaye alikuwa akiendelea na kazi yake bila shida atakwama mara programu yake itakapojaribu kusasisha. Kwa baadhi ya watoa huduma hubadilisha pia vitambulisho vya kuingilia kwenye seva zenyewe, hivyo watu hukatika palepale. Tatizo la mtu mmoja linageuka kuwa la timu nzima, na tofauti kati yake na wenzake, ambayo ingekuonyesha chanzo, inatoweka. Kibonyezwe kiungo kinapovuja au mtu anapoondoka kwenye timu. Si kwa kubahatisha.

Kiungo cha usajili ni anwani ya kawaida ya HTTPS yenye tokeni ndani yake. Programu kama Clash, sing-box au v2rayN huifungua kila baada ya muda fulani na kupokea maandishi: YAML kwa Clash, JSON kwa sing-box, na kwa nyingine orodha iliyofumbwa kwa Base64 (njia ya kuandika data kwa herufi na tarakimu za kawaida), ambayo ukiifumbua unakuta mistari inayoanza na vmess://, ss:// au trojan://. Seva nyingi huchagua umbo la jibu kwa kuangalia jina ambalo programu inajitambulisha nalo. Kwa hiyo kukifungua kiungo kwenye kivinjari na kuona herufi zisizosomeka hakuthibitishi kwamba kimeharibika, wala kukiona kinafunguka hakuthibitishi kwamba programu itapata kile inachokihitaji.

Kipimo cha kuaminika ni curl, amri ya kupakua anwani kwenye dirisha la amri, inayokuwezesha kulihifadhi jibu lenyewe pamoja na vichwa vyake (mistari ya maelezo ambayo seva huitanguliza) na kujitambulisha kwa jina la programu husika: curl -sS -D vichwa.txt -o orodha.txt -A "clash.meta" "kiungo". Usiache alama za kunukuu zinazokizunguka kiungo. Viungo vingi vina alama ya & katikati, na kwenye Linux au Mac dirisha la amri likiikuta bila kunukuliwa hukikata kiungo hapo; ombi linaondoka na nusu ya anwani, seva inalikataa, nawe unaamini kwamba akaunti imefungwa ilhali haina tatizo lolote. Ukataji wa namna hiyo hutokea pia mtu anaponakili kiungo kutoka kwenye ujumbe wa simu na kuacha herufi za mwisho, kwa hiyo linganisha herufi za mwisho za kiungo chake na za mwenzake ambaye mambo yanamwendea vizuri.

Ukishapata jibu, soma vichwa kwanza. Namba 403 au 404 mara nyingi humaanisha kwamba tokeni imekataliwa au imebadilishwa. Namba 429 humaanisha maombi yamezidi, jambo linaloweza kutokea ofisini ambako kompyuta zote hutoka na anwani moja ya IP na zimepangwa kusasisha saa ileile. Dawa yake ni kurefusha muda kati ya sasisho na kuzitawanya. Namba 200 nayo isikupumbaze, maana huenda ndani ya orodha.txt mna ukurasa wa HTML unaomtaka mtu athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Halafu tafuta kichwa kiitwacho subscription-userinfo. Hapo watoa huduma wengi huandika upload, download na total kwa baiti, pamoja na expire kwa sekunde zilizohesabiwa tangu 1 Januari 1970. Jumla ya upload na download ikifikia total, timu imemaliza kifurushi. Total ya 107374182400, kwa mfano, ni GB 100 kwa hesabu ya 1024, na expire ya 1767225600 ni saa tisa usiku wa kuamkia 1 Januari 2026 kwa saa za Afrika Mashariki. Nimeona watu wakihangaika na mipangilio ya kompyuta asubuhi nzima, wakati jibu lilikuwa kwenye mstari huo mmoja.

Ikiwa curl inaleta orodha nzuri lakini programu haiipati, angalia iwapo programu inasasisha kwa kupitia proksi ileile iliyokufa. Seva za zamani zimeondolewa, na programu inajaribu kuzipitia ili ikachukue orodha ya zile mpya, jambo lisilowezekana. Iruhusu isasishe moja kwa moja bila proksi. Ikiwa mtandao wa mahali hapo umeifungia anwani ya usajili, mwenzako aliye kwenye mtandao mwingine akupakulie faili na kukutumia kwa njia salama.

Orodha inapofika lakini ikakataliwa, soma kumbukumbu za programu, kwa sababu kwa kawaida hutaja mstari wenyewe. YAML haikubali tabo katika kupanga mistari. Sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni kundi la seva ambalo mtu wa timu aliliandika kwa mkono: mtoa huduma hubadilisha jina la seva kutoka "Tokyo 01" kuwa "Tokyo-1", kundi linaendelea kulitaja jina la zamani, na Clash inaikataa faili nzima kwa sababu ya jina moja lisilokuwepo. Mabadiliko ya timu yawekwe kwenye faili ya pembeni inayounganishwa baada ya kila sasisho, na makundi yachague seva kwa sehemu ya jina, mathalani kila yenye neno "Tokyo". Ukiyaandika ndani ya faili iliyopakuliwa, sasisho lijalo litayafuta.

Ikibaki kwamba seva hazipitiki kwa mtu mmoja, tazama saa ya kompyuta yake. VMess, itifaki ya zile seva za vmess://, huvumilia tofauti ya takribani sekunde 90 tu. Ukanda wa saa hauna shida, mradi wakati wenyewe uwe sahihi. Saa iliyopotoka sana huvuruga pia ukaguzi wa vyeti vya TLS (usimbaji unaolinda viungo vya HTTPS), kwa hiyo hata kusasisha kunaweza kushindikana.

Kiungo chenyewe mkitunze kama nenosiri: kisiwekwe kwenye kundi la WhatsApp, kisionekane kwenye picha za skrini, na mtoa huduma akiruhusu kiungo tofauti kwa kila mtu, lipieni huduma hiyo. Walio Tanzania wafahamu pia kwamba mnamo Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN katika shughuli zao kuwasilisha taarifa, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Muulize msimamizi wako timu imelishughulikia vipi suala hilo. Na siku ambayo kiungo lazima kibadilishwe, tangaza saa mapema, hakikisha kila mtu ana njia ya kukipokea isiyotegemea proksi hiyo, kisha mwombe kila mmoja akutumie saa ya sasisho la mwisho inayoonekana kwenye programu yake.