Pumu ya ngozi: anachotakiwa kufanya kila siku ili tyubu isiwe tegemeo

Mkuu, nimekuelewa. Mdogo wako ana miaka 24, yuko Dar, na tangu utotoni ngozi inamwasha kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Akipaka tyubu ya duka la dawa anapata nafuu siku ya tatu, akiacha wiki haiishi hali imerudi. Unauliza abadili nini kwenye maisha yake ili asiitegemee tyubu. Nitajibu kwa urefu, maana maelezo ya nusu nusu ndiyo yanayowatesa watu wenye ugonjwa huu.

Kwanza hakikisheni ni pumu ya ngozi kweli, ambayo vitabuni huitwa ukurutu. Kama anawashwa zaidi usiku, ana vipele katikati ya vidole na kiunoni, na wengine nyumbani nao wanajikuna, huo ni upele wa wadudu na unatibiwa nyumba nzima siku moja. Kama ni duara lenye kingo zilizoinuka na katikati pamesafika, fikirieni choa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na tatizo la ngozi akaanza ghafla kuwashwa mwili mzima, apimwe damu, VVU ikiwemo. Pumu ya ngozi huanza mapema, hukaa kwenye mikunjo, huja na kuondoka, na mara nyingi kwenye ukoo kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Haiambukizi hata kidogo, kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea taulo kwa hofu.

Jambo lingine: maelezo mengi yanasema utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pumu ikiwaka, sehemu huwa nyeusi zaidi, ya zambarau au ya kijivujivu kama imepakwa majivu, na mara nyingi kuna vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo. Gusa kwa mgongo wa mkono: ni pakavu, panakwaruza, pana joto kuliko pembeni. Huo mguso ndio kipimo chenu cha nyumbani.

Sasa kwa nini inarudi? Ngozi yake inavuja kama mtungi wenye nyufa. Maji yanatoka bila tone kuonekana, na katika nyufa hizo hizo vinapita sabuni, vumbi, jasho na bakteria. Mwili unapambana navyo, ngozi inavimba, inawasha, anajikuna, nyufa zinaongezeka. Tyubu inatuliza uvimbe. Haizibi mtungi. Kuziba ni kazi ya maji, sabuni na mafuta, na inafanyika kila siku, hasa siku ambazo ngozi imetulia na mtu anajiona amepona. Hapo ndipo karibu kila mtu anapokosea.

Kuoga ndiyo nusu ya matibabu. Maji yawe vuguvugu. Akimimina kwenye mkunjo wa kiwiko asihisi joto wala baridi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Dodoki, jiwe na kitambaa kigumu aachane navyo kabisa. Matone ya dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo, ambayo wengi wanaamini yanasaidia, yanakausha na kuchoma. Sabuni ya mche na nyingi za vipande vya kawaida zina pH (kipimo cha uchachu) ya 9 hadi 10, wakati ngozi yenye afya iko karibu na 5, kwa hiyo kila anapojipaka povu mwili mzima anabomoa alichojenga jana. Sabuni laini isiyo na manukato aitumie kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha. Duka la dawa likiwa na Emulsifying Ointment, kijiko kimoja kikikorogwa kwenye maji ya moto hadi kiyeyuke, kisha kikapozwa, kinasafisha badala ya sabuni. Sakafu itateleza, aangalie.

Kama anatumia maji ya kisima yenye chumvi, na hilo ni jambo la kawaida Dar, atagundua sabuni haitoi povu. Kwa hiyo anaongeza sabuni, na mabaki yake yanabaki mwilini na kwenye nguo. Apunguze sabuni, na ndoo ya mwisho ya kujisuuza iwe ya mvua au ya bomba ikipatikana. Hakuna haja ya kununua mashine ya kulainisha maji.

Akimaliza ajikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua, abaki na unyevu kidogo, na ndani ya dakika 3 apake mafuta. Hizo dakika 3 ni za kweli. Ngozi ikikauka kabisa ndipo ukapaka, unafungia ukavu ndani. Apake kwa kushusha kiganja kufuata unywele unavyolala. Kusugua kwa duara kunaziba vinyweleo na kuleta vipele vya usaha.

Mafuta gani? Vazelini isiyo na harufu ndiyo inayozuia maji kutoka kuliko kitu kingine chochote cha bei hiyo. Tatizo lake ni joto. Kuanzia Novemba hadi Machi, mtu wa Dar akijipaka vazelini nzito saa nne asubuhi atatoka jasho chini yake na kupata vipele vya joto, kisha aseme mafuta yamemkataa. Mchana atumie krimu nyepesi isiyo na harufu, vazelini iwe ya usiku. Akisafiri Iringa, Njombe au Mbeya mwezi wa Juni au Julai, abadilishe: vazelini asubuhi na jioni, maana baridi kavu ya kule inapasua ngozi haraka. Mafuta ya nazi yasiyochanganywa na kitu yanawafaa wengi, na ya alizeti pia. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, yanalegeza ukuta wa ngozi, ayaache jikoni. Na ile krimu inayoandikwa Aqueous Cream ni ya kuoshea. Ikiachwa mwilini inawachoma wengi wenye pumu ya ngozi.

Kiasi ndicho kinachowashangaza watu. Mtu mzima anayepaka mwili mzima mara mbili kwa siku anamaliza gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kopo la gramu 250 likikaa mezani miezi miwili, mafuta hayapakwi, yanagusishwa. Achote kwa kijiko safi, kwa sababu vidole vinaingiza bakteria koponi. Na tahadhari ambayo haisemwi vya kutosha: nguo na shuka zilizoloa mafuta hushika moto upesi sana. Asikae karibu na jiko la mkaa, mshumaa au sigara akiwa amevaa kanga iliyoloa vazelini, na kufua hakuondoi hatari yote.

Jasho ni adui mkubwa wa mtu wa pwani. Chumvi yake ikikauka kwenye mkunjo inawasha vibaya. Akitoka kwenye daladala ajimwagie maji bila sabuni, ajikaushe, apake tena kwenye mikunjo. Avae pamba, nguo zipwaye shingoni, na kanga au fulana mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa ili dawa za kiwandani zitoke. Sabuni ya unga isuuzwe maji mawili au matatu, na asitumie ya kulainisha nguo yenye harufu. Marashi na udi ni vya kwetu, najua, lakini manukato yakae kwenye nguo, yasigusane na shingo. Akifua kwa mikono, akikata pilipili, vitunguu au ndimu, avae glavu za mpira na ndani yake nyepesi za pamba, avue kila baada ya dakika 20 hivi kabla jasho halijajaa.

Kujikuna hakuzuiliwi kwa kukemewa. Mpeni cha kufanya: kitambaa kilichochovywa maji baridi, akiweke panapowasha dakika 5 hadi 10, kisha mafuta. Akishindwa, abonyeze kwa kiganja badala ya kukwaruza. Kucha zikatwe fupi mara mbili kwa wiki. Piritoni, kidonge cha mzio, inamlaza usingizi, lakini muwasho wenyewe haiugusi sana. Si ya kumezwa kila siku kwa miezi. Usiku mbaya, baada ya dawa na mafuta, avae fulana ya pamba iliyoloweshwa maji vuguvugu na kukamuliwa, juu yake nyingine kavu, kwa saa chache. Siku mbili tatu za namna hii huleta tofauti kubwa, lakini asifanye kama ngozi inatoa majimaji au usaha.

Sasa tyubu yenyewe. Inayouzwa zaidi ni ile ya tatu kwa moja: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe), dawa ya bakteria na dawa ya fangasi pamoja. Mara nyingi mgonjwa wa pumu ya ngozi anahitaji ile steroidi peke yake, na hizo mbili nyingine anazibeba bure. Mbaya zaidi ni zenye clobetasol, ambayo ni steroidi kali mno na imejaa kwenye mikorogo ya kung'arisha ngozi. Ikipakwa shingoni au usoni miezi mingi inafanya ngozi nyembamba, michirizi, na akiacha ghafla panawaka kuliko mwanzo. Lakini kuogopa steroidi kabisa nako ni kosa, na linawaacha watu wakijikuna miaka. Steroidi inayofaa, kwa kipimo, ni salama. Kipimo ni mstari unaotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza, takribani nusu gramu, na unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Viwiko vyote viwili mstari mmoja, nyuma ya magoti mstari mmoja: gramu 1 kwa siku, mara moja kwa siku. Tyubu ya gramu 15 inamaliza wiki mbili.

Kosa lake la siku ya tatu liko hapa: anaacha muwasho unapoisha. Aendelee mpaka ngozi iwe laini kwa mguso, mara nyingi siku 7 hadi 14. Halafu, kwa ushauri wa daktari, sehemu zinazorudia zipakwe siku mbili tu kwa wiki, mafuta yakiendelea kila siku. Shingoni na usoni itumike isiyo kali, kama haidrokotisoni asilimia 1, au daktari ampe takrolimasi, dawa ya kupaka isiyo steroidi, ambayo haipunguzi unene wa ngozi. Madoa meusi au meupe yanayobaki yataisha yenyewe kwa miezi. Asiyapake cha kung'arisha.

Chakula nitakipita haraka. Watu wanakatazwa samaki, mayai, karanga, nyanya, nyama nyekundu, mpaka wanakonda. Kwa mtu mzima chakula ni chanzo mara chache. Mzio wa kweli wa chakula hujionyesha ndani ya dakika hadi saa mbili: kuvimba midomo, vipele vya kuvimba mwili mzima, kutapika. Kama hajawahi kuona hayo, ale.

Akipata usaha au maganda ya rangi ya asali kila mara, muulizeni daktari kuhusu kuloweka mwili kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia: ile ya asilimia 3.5 isiyo na harufu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 10 za maji, mara mbili kwa wiki, dakika 10, asuuze na apake mafuta. Isipite kipimo, isiguse macho, na kama ana pumu ya kifua mvuke wake unaweza kumbana.

Akitokewa na malengelenge mengi yanayofanana, au vidonda vidogo vya duara kama vimetobolewa kwa msumari, pamoja na maumivu na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hicho ni kirusi cha herpesi kimeingia kwenye ngozi iliyopasuka, na kikifika machoni kinaharibu. Na kama miezi mitatu ya utaratibu huu haijatuliza, ombeni kliniki ya ngozi kwenye hospitali ya rufaa. KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na wahitimu wake wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Wataalamu wa ngozi hutumia tiba ya mwanga na vidonge vya kutuliza kinga ya mwili kama methotrexate kwa wale ambao mafuta hayatoshi. Siku ya kwenda abebe kila tyubu, kopo na sabuni anayotumia, hata ile anayoona aibu kuionyesha.