Uliza Mjomba: Ghajini kaibiwa nani, na mbona Hollywood hawaishi kurudia?

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi na shemeji yangu tumegombana sababu ya Ghajini, ile ya Aamir Khan anasahau kila baada ya dakika 15 na mwili mzima tatuu. Yeye anasema Wahindi wameiba kwa Wazungu, mimi nikasema Wahindi hawaibagi, labda Wazungu ndo wameiba. Tumewekeana kreti ya soda. Tuamulie. (Msomaji, Nyegezi, Mwanza)

MJOMBA: Marahaba. Kreti imeondoka mpwa wangu, pole. Ila usilipe kabla hujamsomea shemeji yote haya maana na yeye nusu yake haijui.

Ghajini uliyoangalia wewe ni ya 2008, na hiyo ni marudio ya Ghajini ya Kitamil ya 2005, dairekta yule yule A.R. Murugadoss, stelingi wa kule akiwa Suriya. Hapo hakuna wizi, mtu karudia yake mwenyewe. Sasa hiyo ya Kitamil ndo yenye mkono mrefu, maana jamaa asiyetunza kumbukumbu, anayejichora tatuu na kupiga piga picha ili asimsahau adui aliyemuulia mwanamke wake, huyo alishakuwepo kwenye Memento ya Christopher Nolan ya mwaka 2000.

Lakini ziangalieni zote mbili siku moja. Memento inaenda kinyumenyume, sini za rangi zinatoka mwisho kurudi mwanzo, za nyeusi na nyeupe zinaenda mbele mpaka zinakutana, yaani ukitoka kidogo kupokea simu ukirudi huelewi kitu. Ghajini imenyooka, ina Kalpana, yule mpenzi wa stelingi anayeuawa, ina nyimbo za A.R. Rahman, na tuseme ukweli watu kwenye vibanda umiza machozi yaliwatoka kwa Kalpana, sio kwa tatuu, na Kalpana hakutoka kwa Nolan. Kwa hiyo walichukua wazo bila kusema asante, hilo ni kosa na silitetei, ila atakayesema hawakufanya kazi naye muongo.

Na huyo Nolan mnayemtetea, wazo alipewa na mdogo wake Jonathan, aliyekuwa analiandika kama hadithi fupi. Oscar wakaishindanisha kwenye kundi la skripti zisizotoka popote kwa sababu hadithi ya dogo ilichapishwa baada ya filamu kuwa tayari. Ingetoka mapema ingehamishiwa kwenye kundi la zilizotokana na maandishi ya mtu. Kumbe wakati mwingine upya wa kitu unaamuliwa na tarehe ya gazeti!

Ukitaka kuona mtu akikamatwa live, nenda 1964. Mwitaliano Sergio Leone anamtoa Clint Eastwood kwenye A Fistful of Dollars, mgeni anaingia mji wenye magenge mawili, anayagombanisha, anakula hela za huku na huku. Ilikuwa ni Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa, ya 1961, panga zimegeuka bastola basi. Kurosawa akamwandikia barua kwamba filamu ni nzuri sana ila ni ya kwake. Wakaishia kupatana, upande wa Japani ukachukua asilimia 15 ya mapato ya dunia nzima na haki ya kuisambaza kwao, na Marekani haikuonyeshwa mpaka 1967. Ila Kurosawa huyo huyo mwaka 1957 alishamchukua Macbeth wa Shakespeare akamvalisha nguo za samurai. Shakespeare kafa 1616, angemdai nani.

SWALI: Mjomba salaam. Wanangu wana Lion King ya katuni, wana ile ya kompyuta, sasa wanaililia Mufasa. Hawa Disney hawana hadithi nyingine? (Mama wa watatu, Kisauni, Mombasa)

MJOMBA: Wanazo mama, ila wewe ndo unawalipa warudie. Ile ya 2019 ilikuwa hadithi ya 1994 karibu sini kwa sini, wachambuzi wengi wakaiponda kwamba simba wamekaa kama wa kipindi cha wanyama, hawacheki hawalii, na bado ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Mhasibu akishaona namba hiyo, wewe dairekta mwenye wazo jipya utamwambia nini akuelewe?

Angalia 2024. Tatu zilizoongoza kwa mauzo duniani ni Inside Out 2, Deadpool & Wolverine na Moana 2, muendelezo mtupu. Shuka mpaka ya kumi hukuti hata moja iliyoanza sifuri, hata Wicked ni mchezo wa jukwaani uliotokana na kitabu. Na Moana 2 mwanzo ilipangwa iwe tamthilia ya kuangalia nyumbani, wakabadilisha mawazo wakaipeleka sinema, hela ikamiminika. Filamu kubwa inakula mamia ya mamilioni ya dola na hapo hujaweka matangazo, sasa jina ambalo mtoto analijua tayari limeshajitangaza lenyewe.

Mimi sina ugomvi na namba 2. Godfather Part II ya 1974 ilibeba Oscar ya filamu bora kama ilivyobeba ya kwanza, kwa sababu ilikuja na habari mpya, ujana wa mzee na mtoto anavyoharibika. Kinachonichosha ni kopi. Mwaka 1998 Gus Van Sant alichukua Psycho ya Hitchcock ya 1960 akairudia karibu picha kwa picha, akaongeza rangi, na haikumtisha mtu. Mufasa wape waangalie tu, angalau hiyo hadithi hawajaiona.

SWALI: Habari mjomba. Niko chuo hapa Kisumu, nimeandika skripti ya polisi aliyejipenyeza kwa genge la Nairobi na jambazi aliyejipenyeza kwa polisi. Rafiki yangu anasema hiyo ni The Departed na nitashtakiwa. Nitupe? (Mwanafunzi)

MJOMBA: Usitupe. Rafiki yako mwambie The Departed ya 2006 yenyewe ni marudio ya Infernal Affairs ya Hong Kong, 2002. Tofauti ni kwamba walinunua haki, wakaihamishia Boston, wakaondoka na Oscar 4 ikiwemo filamu bora na skripti iliyotokana na kazi nyingine. Siku ya tuzo mtangazaji akasema asili yake ni filamu ya Kijapani, Hong Kong wakanuna, na mimi ningenuna.

Wazo la majasusi wawili kila mmoja upande wa mwenzake ni la kila mtu. Sheria ya hakimiliki, kwenu ni ile ya 2001 na ofisi ni KECOBO, inalinda namna wazo lilivyoandikwa, yaani maneno, wahusika, mpangilio wa matukio. Sasa jikague. Kama kwako bosi wa polisi anarushwa kutoka juu ya ghorofa na jamaa anakuja kupigwa risasi kwenye lifti, hapo hujaandika, umetafsiri. Futa. Halafu jiulize Nairobi ina nini ambacho Boston hawana. Jasusi wako analipwa kwa njia gani? Akitumiwa M-Pesa jina linatokea na rekodi inabaki, akipewa keshi anakutana na mtu wapi bila mama mboga kumuona? Ukijibu hayo mawili matatu tu utakuta hadithi imeshakimbia mbali na Boston bila wewe kuisukuma.

SWALI: Mjomba, mbona Bongo muvi za CD zilikuwa lazima Pati 1 na Pati 2, na 1 inakatika pale pale patamu? (Msomaji, Morogoro)

MJOMBA: Filamu ilikuwa moja ndugu yangu, imekatwa katikati ili msambazaji auze mara mbili, mtindo ambao Wanigeria walishauzoea tangu enzi za kanda. Hata Living in Bondage yao ya 1992 ilikuwa na pati zake, ila muendelezo wenyewe ulikuja 2019, miaka 27 baadaye, dairekta Ramsey Nouah, yule aliyecheza na marehemu Kanumba. Mle mtoto wa yule baba wa zamani kakua, naye anaifuata hela kwa njia ile ile ya baba yake. Kwenye Pati 2 zetu mtoto hata barabara alikuwa hajamaliza kuvuka.