Mafundi Wajibu: Kompresa Imekufa, au Imeuawa?

Nina Toyota Premio, natembea Gulu na Kitgum. AC ilianza kusaga kwa kelele, kisha mkanda ukatoa moshi. Fundi alipofungua bomba kwenye kompresa mafuta yalitoka meusi, yana vumbi linalometameta. Anasema ninunue kompresa ya mtumba Kisekka, soko la vipuri Kampala, tufunge, tujaze gesi, basi. Nimkubalie? — Msomaji, Gulu

Ndugu yetu, bado. Kompresa hiyo kweli imekwisha, lakini hilo vumbi linalometameta ndilo litakaloiua ya pili, tena haraka.

Vumbi hilo ni alumini iliyokwanguliwa kutoka kwenye pistoni na kwenye sahani iliyolala mshazari inayozisukuma. Gesi ikitoka kwenye kompresa huenda kondensa (inayotoa joto, mbele ya radieta), ikapita drayeri (inayonyonya unyevu), ikapenya tundu dogo la ekspansheni vali, ikaingia evapareta (inayopoza hewa) nyuma ya dashibodi, ndipo irudi. Uchafu wote umeshaanza safari hiyo. Sehemu kubwa hunasa kwenye kondensa, na kondensa za siku hizi zina mirija bapa yenye vijitundu vyembamba mno. Hakuna dawa inayoziosha zikatakata. Fundi akikuambia ameiosha, ujue dawa imepita kwenye vijitundu vilivyo wazi na kuviacha vilivyoziba.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni hii: kompresa, kondensa mpya, drayeri mpya (kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 imeungana na kondensa ubavuni), ekspansheni vali mpya, na oringi (pete za mpira) za kila kiungo kilichofunguliwa. Mabomba na evapareta huoshwa kwa dawa maalumu ya AC, vali ikiwa imetolewa. Dawa ipitishwe kinyume cha mwendo wa gesi hadi itoke safi, kisha pasukumwe nitrojeni mpaka pakauke. Petroli hapana: inaharibu mpira, mabaki yake yanaharibu mafuta ya kompresa, na moto hauko mbali.

Kabla ya kununua chochote, tafuteni kilichoiua ya kwanza. Mafuta ya kompresa hayana pampu yake ya kuyazungusha mfumo mzima. Hubebwa na gesi. Gesi ikivuja polepole kwa miezi, AC ikawa inapoza kidogo tu na mwenye gari akazidi kuiwasha, mafuta hubaki evapareta na kompresa husaga kavu. Sababu ya pili kwenye barabara zenu ni vumbi la maramu na nyasi zilizojaa kati ya kondensa na radieta, au feni iliyochoka. Hapo presha hupanda hadi chuma kinashindwa. Washeni AC muone kama feni inazunguka kwa nguvu, na muoshe kondensa kwa maji ya kawaida. Mashine ya presha kubwa hulaza mapezi yake.

Mtumba si dhambi, ila uchague. Ikataeni kompresa iliyokaa juani matundu wazi, kwa sababu PAG, mafuta ya kompresa, hunyonya unyevu wa hewa. Zungusha kitovu cha mbele kwa mkono: kiende laini, bila kukwaruza. Ziba tundu moja kwa kidole gumba huku unazungusha. Lazima usikie inavuta, na tundu la pili inasukuma. Mimina mafuta kwenye kikombe cheupe. Yakimeta, rudisha. Angalia pia nyuma ya klachi (sahani na sumaku ya mbele inayoiunganisha kompresa na mkanda): michirizi ya mafuta hapo ni sili ya shafti inayovuja.

Kompresa za kiwanda cha Denso zinazozungushwa na mkanda, zenye gesi ya R134a, hutumia PAG 46, ambayo kwenye lebo huandikwa ND-OIL 8. Mfumo ukishaoshwa wote, hautabakiwa na mafuta, kwa hiyo weka kipimo kamili cha kitabu cha gari. Gari ndogo nyingi za saluni huwa kati ya mililita 120 na 150. Ukizidisha, AC haitapoza vizuri. Kabla ya kufunga mkanda, zungusha kitovu kwa mkono mara kumi hivi ili mafuta yasisimame mbele ya pistoni. Oringi zipakwe mafuta hayohayo, si grisi.

Kisha vuta hewa mfumoni kwa pampu ya vakyumu kwa dakika 45, funga koki za geji, subiri dakika 20. Sindano ya geji ikipanda, pana uvujaji au unyevu, msijaze. Gesi hupimwa kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, si kwa "ikipoa inatosha". Ukijaza injini ikiwaka, pitisha upande wa presha ndogo tu, chupa ikiwa wima. Koki ya presha kubwa ibaki imefungwa, la sivyo presha itarudi kwenye chupa na kuipasua mkononi. Miwani ivaliwe.

Mwisho, injini izunguke 1,500 kwa dakika, milango wazi, feni ya ndani juu kabisa. Upande wa presha ndogo usome kama 21 hadi 36 psi (kipimo cha presha), mkubwa 200 hadi 230. Pande zote zikiwa juu, rudi kwenye kondensa na feni, au umezidisha gesi. Zote zikiwa chini, gesi haitoshi. Mdogo ukiwa juu na mkubwa ukiwa chini, kwa mfano 70 kwa 120, mtumba wenu hausukumi.

Taxi yangu ni Toyota Noah. Asubuhi AC inapoza, saa saba mchana inakata. Fundi amehukumu kompresa bila hata kuweka geji. — Dereva, Mbale

Dereva, kompresa yako huenda ni nzima. Dalili ya "asubuhi ndiyo, mchana hapana" mara nyingi ni klachi. Koili ikipata joto, sumaku yake hudhoofika. Na kama sahani imelika na pengo limepanuka, haiwezi tena kuvutwa. Pima pengo kwa filagaji (vibati vya kupimia nafasi): liwe kati ya milimita 0.3 na 0.6. Likizidi, fungua nati ya katikati, toa washa moja nyembamba iliyoko chini ya sahani, rudisha. Kazi hii haigusi gesi hata kidogo.

Kama klachi haigongi kabisa hata asubuhi, anza na geji injini ikiwa imezimwa. Siku ya joto la nyuzi 28 au 30, gesi ikiwemo, geji zote husoma karibu 90 hadi 100 psi. Ikiwa chini ya 30, swichi ya presha inazuia klachi makusudi. Tafuta pa kuvuja. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya uendelee na safari, ndivyo kompresa zinavyouawa. Gesi ikiwepo, pima kwenye plagi ya klachi: pana volti 12? Hapana, basi ni fyuzi, relei au swichi. Ndiyo, basi pima koili. Nyingi ni omu 3 hadi 5. Multimeta isiposoma kitu, koili imekatika.

Taa ya AC ikipepesa kwenye Toyota, kompyuta imeona kompresa haizunguki sawa na injini. Anza na mkanda unaoteleza. Na kuna kompresa mpya zisizo na klachi, huzunguka muda wote. Kutosikia mlio wa kugonga si ugonjwa.

Pampu yangu ya kuvuta hewa inaishia inchi 26 za vakyumu, kitabu kinasema 29. Ninunue nyingine? — Fundi kijana, Kampala

Usinunue. Kitabu kimeandikiwa usawa wa bahari. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, na vakyumu kamili hapo ni kama inchi 26. Mwenzako wa Kabale, karibu mita 2,000, ataishia 23 na ushei. Geji ya maikroni, inayopima hewa iliyobaki ndani, haidanganywi na mwinuko: ifike 500 au chini.

Kuna R134a ya nusu bei. Ina neno? — Katwe

Ina neno kubwa. Nyingine ni gesi ya kupikia, inayowaka. Mbaya zaidi ni R40 (kloridi ya methili), ambayo hula alumini na kuzaa kemikali inayoshika moto ikikutana na hewa tu. Mwaka 2011 makontena ya friji yaliyojazwa gesi bandia yalilipuka na kuua mafundi. Chupa ikiwa haina jina la kiwanda wala namba ya toleo, iache dukani. Na gesi ya zamani ivutwe kwa mashine, isiachiwe: R134a hupasha anga joto zaidi ya mara 1,300 kuliko kaboni dayoksaidi, ndiyo maana imo kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016 ya kupunguza gesi za aina hiyo.

Prius nayo ni PAG 46? — Entebbe

Hapana. Kompresa yake, kuanzia toleo la pili la 2003, ni ya umeme, inakula zaidi ya volti 200, na koili zake zimelowa ndani ya mafuta. Tumia ND-OIL 11 peke yake. PAG kidogo tu iliyobaki kwenye mpira wa geji huvunja kinga ya umeme, na gari hujifungia lisiwake. Tenga mipira ya geji kwa magari ya aina hiyo, na asiyejua kuzima umeme wa nyaya za rangi ya chungwa asiiguse.