Santuri za soul: ya asili, ya marudio au ya magendo?

Barua za safari hii zinahusu santuri za soul, muziki wa Wamarekani weusi, za miaka ya 1960. Ili tuelewane, toleo la asili ni santuri iliyotengenezwa wimbo ulipotoka kwa mara ya kwanza, toleo la marudio ni lile lililotolewa baadaye kwa idhini ya mwenye haki, na nakala ya magendo ni ile iliyotengenezwa bila idhini ya mtu yeyote.

Msomaji wa Mikindani: Shikamoo. Marehemu mjomba wangu alikuwa karani bandarini Mtwara, na ameacha sanduku la santuri ndogo za 45 (za mizunguko 45 kwa dakika) alizopewa na mabaharia. Nyingine ni za Stax, kampuni ya soul ya Memphis, nyingine za lebo, yaani kampuni za santuri, ambazo sijawahi kuzisikia. Nitazitambuaje za asili?

Marahaba, na pole kwa msiba. Anza na mahali ambapo wauzaji wengi hawapigi picha, yaani ule ukanda laini usio na sauti ulio kati ya mwisho wa wimbo na karatasi ya lebo. Shika santuri karibu na taa na uigeuze polepole mpaka mwanga uupige ukanda huo kwa ubavu, nawe utaona namba na alama, baadhi zimechongwa kwa mkono na baadhi zimegongwa kwa mashine. Lebo inaweza kupigwa picha na kuchapwa upya na yeyote mwenye mtambo wa kuchapia, lakini alama za ukanda huo hutoka kwenye kalibu ya kiwanda, na mwigaji aghalabu huzikosa kabisa au huzichora kwa mkono palipopaswa kuwa na mhuri wa mashine.

Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kilichonga pembetatu ndogo iliyofuatiwa na namba ya kazi, na kwa kuwa namba hizo zilipanda kadiri miaka ilivyokwenda, wakusanyaji huzitumia kukadiria wakati santuri ilipotengenezwa. American Record Pressing, kiwanda cha Owosso katika jimbo la Michigan kilichohudumia Motown, kampuni kubwa ya soul ya Detroit, na lebo nyingi ndogo za mji huo, kiligonga herufi ARP mpaka kilipoteketea kwa moto mwaka 1972. Ukikuta maneno Bell Sound yamegongwa, ujue kwamba mifereji ya sauti ilichongwa kwenye sahani ya kutengenezea kalibu katika studio ya jina hilo mjini New York.

Karatasi ya lebo nayo ina habari zake, ila isomwe baada ya ukanda. Stax ilisambazwa na kampuni ya Atlantic hadi mwaka 1968, na katika kipindi hicho lebo yake ilikuwa ya buluu. Walipoachana, ikaja lebo ya njano yenye picha ya vidole vinavyoalishwa ili vitoe mlio. Kwa hiyo wimbo wa mwaka 1966 ukiwa kwenye lebo ya njano unaweza kuwa halali kabisa, lakini si toleo la kwanza. Tazama pia herufi P iliyo ndani ya duara. Ni alama ya hakimiliki ya rekodi ya sauti, na sheria ya Marekani ya kulinda rekodi za sauti kwa alama hiyo ilianza kufanya kazi tarehe 15 Februari 1972, kwa hiyo santuri ya Marekani inayodai kuwa ya mwaka 1965 huku ina alama hiyo imechapwa baadaye.

Usidanganywe na madoa. Kwa hewa yetu ya chumvi, msimu mmoja wa mvua unatosha kuifanya karatasi ya juzi ionekane ya wakati wa reli ya karanga ya enzi za mkoloni.

Msomaji wa Lindi mjini: Baada ya kulipwa fedha za korosho nimeona mtandaoni santuri ya Frank Wilson, "Do I Love You (Indeed I Do)", yenye lebo ya Soul namba 35019. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1965 na anataka shilingi laki tatu. Je, ninunue?

Hapana. Santuri hiyo ya Soul, lebo ndogo ya Motown, iliandaliwa mwaka 1965 lakini haikuingia madukani, na inaaminika kwamba karibu nakala zote ziliharibiwa. Zilizobaki ni chache mno. Moja iliuzwa Uingereza mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000, na mwaka 2020 nakala nyingine ikauzwa kwa pauni 100,000. Mwenye ya kweli hatafuti mnunuzi wa laki tatu.

Wimbo huo umewahi kutolewa kwa magendo Uingereza katika miaka ya 1970 ukiwa na jina la msanii mwingine, Eddie Foster, kwa sababu wapiga santuri wa kumbi za kule walificha majina ya nyimbo zao adimu ili washindani wasizipate. Mwaka 1979 Tamla Motown ya Uingereza ikautoa kihalali. Ukiupenda wimbo wenyewe, tafuta toleo hilo la marudio, na utacheza muziki uleule bila kumtajirisha tapeli.

Msomaji wa Masasi: Santuri yangu ni nyepesi na ngumu, na fundi wa redio ameniambia ni bandia kwa sababu plastiki yake ni duni. Je, ni kweli?

Fundi ameona sawa kuhusu plastiki, lakini hitimisho lake si sahihi. Viwanda kadhaa vya Marekani, Monarch kikiwa mojawapo, vilitengeneza santuri za 45 kwa polistirini, plastiki iliyosindikwa kwa shinikizo ndani ya kalibu na kubandikwa lebo kwa gundi baadaye, ilhali kwenye vinili, plastiki ya kawaida ya santuri, lebo hukandamizwa pamoja na santuri yenyewe. Ndiyo maana lebo ya polistirini hubanduka pembeni mahali penye unyevu. Ukiigonga taratibu kwa ukucha hutoa mlio mkali na mfupi, na ukingo wake ni bapa. Usijaribu kuikunja, kwani hupasuka.

Nakala nyingi za magendo zilikandamizwa kwa vinili, kwa hiyo wimbo unaojulikana kutoka kwa polistirini peke yake ukija kwa vinili, shaka iwe juu ya ile ya vinili. Lakini wimbo uliouzika sana ulitengenezwa katika viwanda viwili au vitatu kwa wakati mmoja, na hapo plastiki zote mbili zaweza kuwa za asili. Linganisha alama za ukanda kabla ya kutoa hukumu.

Msomaji wa Newala: Je, masikio peke yake yanaweza kuitambua nakala ya magendo?

Mara nyingine, naam. Toleo la marudio la halali kwa kawaida hutoka kwenye mkanda wa studio, lakini mwenye kufanya magendo hana mkanda, hivyo hurekodi kutoka kwenye santuri nyingine. Safisha santuri yako vizuri, kisha sikiliza sekunde za mwanzo kwa sauti ya juu. Sindano ikiwa bado kwenye mstari wa kuingilia utasikia ukimya, halafu, kabla tu ya ngoma ya kwanza, mchakacho wa santuri nyingine unaingia ghafla, na wimbo unapoisha mchakacho huo unakatika pamoja nao. Sauti za matoazi huwa zimefifia. Hata hivyo, siku hizi kuna programu za kufuta mchakacho, kwa hiyo usafi wa sauti haumwondolei mtu shaka.

Msomaji wa Nachingwea: Kijana wangu hununua matoleo mapya ya kampuni za nje. Je, hapotezi fedha?

Hapotezi. Kent ya London, iliyoanza mwaka 1982, na Numero Group ya Chicago, iliyoanza mwaka 2003, hutoa kwa leseni na huambatanisha historia ya wanamuziki. Asitarajie tu kuziuza kwa bei ya matoleo ya kwanza.

Msomaji wa Mtwara, Shangani: Nina santuri ya soul ambayo lebo yake inaonyesha imetengenezwa Kenya. Mnunuzi wa Ulaya ameiita feki. Nimjibu nini?

Mwambie kwamba amechanganya mambo. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri ambacho kilihudumia Afrika Mashariki, na hata bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania zilipata santuri zao huko. Nyimbo za nje zilitengenezwa pale kwa leseni. Santuri ya namna hiyo si toleo la kwanza la Marekani, lakini ni toleo halali la nchi nyingine, na wapo wakusanyaji wanaoyatafuta matoleo hayo kwa makusudi kwa sababu yalikuwa machache.

Kwa upande wetu uchache una sababu ya ziada, kwani mwaka 1969 soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam, na mwenye santuri hakuwa na haja ya kuitangaza. Mpelekee mnunuzi picha tatu: lebo ya upande wa kwanza, lebo ya upande wa pili, na ukanda wa ndani uliomulikwa kwa ubavu. Kwenye tangazo andika "toleo la Kenya" waziwazi, na bei uiweke kwa kulilinganisha na matoleo mengine ya Kenya.