Chama cha mawakili cha eneo hufanya nini mwaka mzima: majibu ya aliyewahi kuwa katibu

Ndugu aliyeuliza swali ameeleza kwamba huu ni mwaka wake wa pili tangu aapishwe kuwa wakili, kwamba hulipa ada ya chama cha mawakili cha eneo lake bila kuona zaidi ya mkutano mkuu na hafla ya jioni, na kwamba wenzake sasa wanamtaka agombee ukatibu. Anataka kujua chama hicho hufanya kazi gani hasa kwa mwaka mzima, na kama kazi hiyo inastahili muda wake. Mimi nilikuwa katibu wa chama cha namna hiyo kwa miaka minne, na nitamjibu kwa yale niliyoyafanya na yale niliyoshindwa kuyafanya.

Mkutano mkuu nitaupitia haraka, kwa kuwa ndio sehemu anayoifahamu tayari. Ni siku ya kutoa hesabu: taarifa ya mwenyekiti, hesabu za mweka hazina zilizokaguliwa, uchaguzi, na maazimio. Katibu anapaswa kuhakikisha kwamba taarifa ya mkutano imetumwa ndani ya siku zilizotajwa na katiba ya chama na kwamba akidi imetimia, maana mawakili ni watu wa kwanza kupinga azimio lililopitishwa kinyume cha utaratibu, nao wana haki ya kufanya hivyo.

Kazi yenyewe imo katika miezi iliyobaki, na mwaka wangu wa kwanza niliipanga vibaya kwa kufuata kalenda ya kawaida. Niliweka mafunzo ya kisheria katika wiki ambazo mahakama ya rufaa ilikuwa na vikao, wakaja watu wachache mno, nami nikawalaumu wajumbe kwa uvivu wakati kosa lilikuwa langu. Tangu hapo nilianza kila mwaka kwa kuandika kwanza likizo za mahakama, vikao vya rufaa na tarehe ya mwisho ya kuhuisha leseni za uwakili, kisha shughuli za chama zikapangwa katika nafasi zilizobaki.

Jambo lililonifundisha zaidi maana ya chama lilitokea mwaka wangu wa pili. Mwenzetu aliyekuwa akiendesha ofisi peke yake alifariki ghafla. Ndani ya wiki moja wateja wake walianza kuja kwangu, kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa chini ya barua za chama. Mmoja alikuwa na rufaa ambayo muda wa kuikata ulikuwa unakaribia kwisha. Mwingine alikuwa ameacha hati halisi ya kiwanja katika kabati ambalo familia ya marehemu ilikuwa na ufunguo wake lakini haikujua, na haikupaswa kujua, kilichokuwa ndani ya majalada. Hatukuwa na utaratibu wowote. Familia iliogopa kutoa majalada, mahakama ilimtambua marehemu tu kama wakili wa shauri, na mimi sikuwa na mamlaka ya kufungua hata faili moja, kwani siri ya mteja haifi pamoja na wakili wake. Rufaa ile tuliiwahi kwa siku mbili. Shauri jingine, la mjane aliyekuwa akidai mirathi, lilifutwa kwa sababu hakuna aliyefika siku lilipoitwa, na ilichukua miezi mingi kulirejesha. Bado ninamkumbuka mama yule akiniuliza kosa lake lilikuwa lipi.

Mwaka uliofuata tulipitisha azimio kwamba kila mjumbe anayefanya kazi peke yake amteue kwa maandishi mwenzake atakayeshika majalada yake endapo atafariki, ataugua au atasimamishwa, kwa mipaka iliyo wazi: mteule huyo anaangalia tarehe zilizo karibu, anawaarifu wateja na mahakama, anakabidhi nyaraka kwa wakili ambaye mteja mwenyewe amemchagua, na hagusi fedha za wateja zilizo katika akaunti ya amana bila kibali cha mamlaka husika. Wapo walioona kwamba ni kuombeana mabaya. Ilibidi nimfuate mmoja mmoja ofisini kwake, na fomu ya mwisho niliipata baada ya miezi saba.

Msaada wa kisheria ni eneo la pili ambalo chama huonekana hai au mfu. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Wajibu wa Mawakili, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinavitaka vyama vya mawakili vishirikiane katika kupanga na kutoa huduma kwa watu maskini, na pia viwaelimishe wananchi kuhusu haki zao. Ni maneno mazuri, lakini kwa katibu yanageuka kuwa daftari la zamu: nani anakwenda kuonana na mahabusu wiki hii, nani anakaa kwenye dawati la ushauri, na nani anashika nafasi yake akipata dharura. Tulikuwa na zamu kwa miaka mingi kabla yangu, ila watu walibadilishana kwa simu, na mwishowe hakuna aliyekwenda. Tulipoweka sharti kwamba anayebadilishana hubaki na dhamana ya zamu hiyo mpaka mbadala wake athibitishe kwa maandishi, mahudhurio yalibadilika.

Kwa mawakili wapya waliodhani kuwa zamu hiyo ni kazi ya kupita tu, nilikuwa nikiwaeleza shauri la Clarence Earl Gideon wa Marekani. Alishtakiwa kwa kuvunja jumba la mchezo wa biliadi, akanyimwa wakili, akajitetea mwenyewe na kuhukumiwa kifungo. Aliandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba mshtakiwa wa kosa zito asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi iliposikilizwa upya mwaka huohuo, safari hii akiwa na wakili aliyemhoji shahidi mkuu kwa makini, aliachiwa huru. Shtaka lilikuwa lilelile, na tofauti kubwa ilikuwa mtu aliyesimama kando yake.

Kuhusu kikao cha mawakili na majaji, nitasema jambo moja tu, kwamba malalamiko ya jumla hayazai matunda. Tulilalamika mara kadhaa kuhusu ucheleweshaji na tukajibiwa kwa heshima bila mabadiliko yoyote. Ndipo tulipowaomba wajumbe waandike, kwa miezi miwili, saa waliyofika, saa shauri lilipoitwa na sababu ya kila ahirisho. Karatasi hizo zilionyesha kwamba mashauri yote yalipangiwa muda uleule mmoja, lakini zilionyesha pia kwamba maahirisho mengi tuliyaomba sisi wenyewe. Tulizipeleka zote, pamoja na zile zilizotuaibisha, na mahakama ikakubali kutenga muda wa mashauri ya kutajwa, yaani yanayoitwa kwa muda mfupi ili kupangiwa hatua inayofuata, na muda wa yale ya kusikilizwa. Naamini tulisikilizwa kwa sababu hatukuficha upande wetu.

Malalamiko ya wateja dhidi ya wajumbe ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mengi niliyopokea hayakuhusu wizi, bali ukimya: mteja amepiga simu kwa miezi na hakuna anayempa habari za shauri lake. Hayo niliyamaliza kwa kumwandikia wakili nikimpa siku za kujibu. Yanayohusu fedha za wateja chama cha eneo hakina ruhusa ya kuyasuluhisha kimyakimya. Yanapaswa kwenda kwenye chombo cha nidhamu kilichowekwa na sheria, hata kama mhusika ni rafiki wa katibu. Nilipoteza urafiki mmoja kwa jambo hilo, nami nisingefanya tofauti. Wakati huohuo chama kinawajibika kumtetea wakili anayeandamwa kwa sababu ya mteja anayemwakilisha. Kanuni hizo za Havana zinakataza wakili kufananishwa na mteja wake, na katika nchi nyingi mawakili hukumbuka tarehe 24 Januari, siku ambayo mwaka 1977 watu 5 waliuawa katika ofisi ya wanasheria wa wafanyakazi mtaa wa Atocha, Madrid.

Kwa swali la muda, ndugu yangu, hesabu nusu siku kila wiki, na zaidi katika mwezi wa mkutano mkuu. Kabla ya kukubali kugombea, mwombe katibu anayeondoka akuonyeshe mambo matatu: daftari la zamu la miezi mitatu iliyopita, orodha ya malalamiko ambayo hayajajibiwa, na maazimio ya mkutano uliopita yakiwa na jina la aliyepewa kila kazi. Akikuambia kwamba hayapo, kubali hata hivyo, lakini uanze na orodha ya wajumbe wanaofanya kazi peke yao.