Ukikabidhiwa ukurasa wa biashara huku Kusini

Umeajiriwa kushika kurasa za kampuni ya korosho, ufuta au chumvi hapa Mtwara au Lindi, na bosi kila Jumatatu anataka idadi ya wafuasi. Mpe. Wewe mwenyewe fuatilia jambo lingine: mteja akiuliza swali, nani anamjibu? Ikiwa ni wewe peke yako kila siku, ulichonacho ni orodha ya wanunuzi. Siku utakayoamka ukute mteja wa Mbeya keshamweleza mwenzake wa Dodoma namna ya kuhifadhi korosho zisilegee, jua watu wako wameanza kuwa jamii.

Kinachoua mazungumzo upesi kuliko vyote ni "bei njoo inboksi". Watu ishirini wanauliza kitu kimoja, kila mmoja anavutwa chemba, hakuna anayemwona mwenzake. Andika bei hadharani. Na malalamiko yajibiwe palepale yalipoandikwa. Chemba mkamalizie namba ya simu na risiti tu.

Picha ya pakiti inapata laiki na kupita. Swali ndilo linalokaa. Tuliwahi kuuliza: "Kwenu mlikuwa mnakaangaje korosho?" Watu wa Newala, Tandahimba na Masasi, wengi wao sasa wako Dar es Salaam, wakabishana hadi usiku. Huyu anatetea bati lililotobolewa matundu, yule anakumbusha mafuta ya ganda yanavyoshika moto na kubabua mikono, mwingine anauliza kwa nini siku hizi hakuna anayewapa watoto mabibo, yale matunda laini ya mkorosho. Waliozoea korosho za pakiti tu wakaanza kuuliza maswali, na wenyeji wakawajibu kwa majigambo (hiyo nayo ni raha yake). Sisi tuliingia mara moja, kuonya kwamba mtu asijaribu kukaangia ndani ya nyumba, maana ule moshi si wa kuvuta. Mwenye ukurasa akijibu kila komenti, wageni huacha kuongea wao kwa wao.

Kosa la kurasa nyingi za huku ni kufuata mnada wa korosho, kuandika msimu wa mauzo tu. Korosho huvunwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Ikifika Machi ukurasa umekufa. Lakini katikati ya mwaka mikorosho inatoa maua, na wakulima wanahangaika kupulizia salfa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga. Mlaji wa Arusha hajawahi kuliona hilo. Mwonyeshe shamba wakati huna cha kumuuzia, naye msimu ukifika atauliza mvua zilikuwaje kabla hajauliza bei.

Wape pia cha kuamua. Lego, kampuni ya Denmark ya vitu vya kuchezea, ina utaratibu uitwao Lego Ideas: wazo la mteja likipata waungaji mkono 10,000 linapitiwa na kampuni, na likitengenezwa, mwenye wazo hulipwa asilimia 1 ya mauzo halisi. Wewe huna uwezo huo, na hauhitajiki. Wateja wachague kati ya korosho za pilipili na za ndimu, kisha itengenezwe kweli ile iliyoshinda, hata kama bosi alipenda nyingine. Kura isiyobadilisha kitu ni heri usiipigishe.

Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024, ila usikimbilie kulijaza. Mia wanaofahamiana wanatosha kabisa. Ukilifunga waandike maadmini tu, limekuwa ubao wa matangazo, na kwa matangazo zipo chaneli tangu 2023. Usimwingize mtu kwa sababu tu namba yake unayo kwenye daftari la mizigo. Alikupa ili mzigo umfikie, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haipendi namba iliyotolewa kwa kazi moja itumike kwa nyingine. Muulize kwa ujumbe wa mstari mmoja. Akikataa, endelea kumtumia korosho zake.